Nazi, Mnazi au Shamba

Juu ya paa la choo cha nje, hapa kwetu Kisauni, Mombasa, limekaa tangi jeusi la maji la lita 500. Lilinunuliwa kwa pesa ya tui la nazi. Pesa yenyewe ikarudi ilikotoka, ng'ambo ya bahari, na tangi likabaki. Ukoo mzima unakijua kisa hiki, lakini kila mtu anakisimulia kivyake. Wifi yangu wa Maskati anasema alionewa. Baba watoto anasema alikuwa akijivunia mkewe. Mama mkwe hutikisa kichwa tu na kuendelea kuchambua mchele. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kalamu, basi acha nami niseme yangu tangu mwanzo.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi ya mtu binafsi. Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya korona, na zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, yetu haikufungua. Mwenye shule alikuwa ameshageuza madarasa kuwa vyumba vya kupangisha. Nikawa nachoma mahamri alfajiri na kuyauza barazani, na faida yake ilikuwa inaishia kwenye unga na mafuta ya kesho. Binti wa jirani, aliyekuwa amemaliza chuo na hajapata kazi, ndiye aliyenionyesha soko la makala la mtandaoni.

Neno soko lilikuwa limenikalia vibaya. Nilidhani ni mahali pa kuombea kazi. Yapo ya namna hiyo, ambako mteja anaagiza nawe unaandika kwa kipimo, senti chache kwa kila neno. Hili langu lilifanana zaidi na soko la Kongowea: unalima mwenyewe, unavuna, unapanga mafungu yako chini, unataja bei, unangoja mtu apite. Unaandika makala kamili kabla hujajua nani atayanunua. Mhariri wa soko anayakagua, na yakipita yanawekwa hadharani kwa muhtasari tu, hadi mwenye tovuti anayehitaji kitu cha kuweka kwenye kurasa zake aje ayatake. Yakinunuliwa, soko linakata asilimia 35, wewe unabaki na 65.

Makala yangu matatu ya kwanza yalirudishwa. Moja kwa sababu ya koma. Sisi tulifundishwa kwa mtindo wa Kiingereza cha Uingereza, ambao mara nyingi hauweki koma kabla ya neno la mwisho katika orodha. Mhariri aliitaka pale, na aliitaka kila mara. Nilikuwa nimefundisha alama za uandishi miaka kumi na moja. Usiku ule nilifunga kompyuta nikakaa kimya gizani, nikaona kama nimeanza tena darasa la nne. Kesho yake nikachukua daftari, nikaandika masharti yao yote kwa mkono, moja baada ya jingine, nikayasoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Makala ya nne yakapita.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu na watu saba. Mchana hakuandikiki: mara hodi ya mwenye mkokoteni wa maji, mara watoto, mara chungu kinataka kutazamwa. Kwa hiyo niliandika usiku watu wakishalala, kwenye meza ya kulia chakula, na saa zenyewe zilinisaidia. Inapokuwa saa nane za usiku kwetu, New York wakati wa baridi ni saa kumi na mbili za jioni, hivyo majibu ya wahariri niliyapata yangali moto.

Baba watoto hakunikataza. Lakini wenziwe wakimuuliza mkewe anafanya kazi gani siku hizi, alijibu, "Yupo tu nyumbani, anaandikaandika." Nililisikia neno hilo mara mbili kwa masikio yangu, na lilinichoma. Mama mkwe aliniuliza siku moja, kwa upole, naandikiana na nani usiku wa manane. Nikamwita akae karibu nami. Kiingereza hakijui, lakini alikitazama kioo kwa muda mrefu.

"Maneno mengi hayo, mwanangu. Na wanalipa?"

"Wanalipa, mama."

"Basi andika."

Tangu usiku ule akawa ananiachia kahawa ya tangawizi kwenye chupa kabla hajaenda kulala.

Miaka miwili niliuza mambo ya watu wengine: namna ya kusafisha mifereji ya paa kabla ya theluji kuanguka, namna ya kuchagua kamba ya mbwa, namna ya kuhifadhi kuni za jikoni zisipate ukungu. Theluji sijaiona maishani. Nilisoma, nikalinganisha, nikaandika kwa uangalifu, na sikumdanganya mnunuzi hata mara moja. Makala yalienda dola 15, 20, mara chache 30. Mwishoni mwa Novemba 2022 ikatoka ChatGPT. Maelezo ya mifereji ya paa yakawa yanapatikana bure, kwa dakika moja, kwa yeyote mwenye simu. Januari na Februari 2023 sikuuza kitu. Fungu langu lilikaa chini, wapita njia hawakuinama.

Ndipo nikaona sokoni ombi la tovuti moja ya mapishi ya Marekani, maana mara nyingine mnunuzi naye hutangaza anachotaka. Walitaka mtu aeleze tui la nazi, lakini mtu anayelikamua kwa mikono yake, na walisema wazi kwamba kilichotungwa na mashine hawakitaki. Bei yao ilifika dola 90.

Mimi ni mzaliwa wa Voi. Kwetu nazi ni kitu cha kununua, na tangu niolewe Mombasa, mkamuaji wa nyumba hii ni mama mkwe. Yeye ni wa Takaungu, kwenye minazi. Nikamwendea, nikamwambia ninalotaka na ninakotaka kulipeleka. Akacheka, akasema Jumamosi.

Jumamosi ile naikumbuka kama picha. Aliketi juu ya mbuzi wa kukunia, mguu mmoja kaunyosha, nazi tano mbele yake, na mimi sakafuni na daftari langu. Kwanza akanifundisha kuchagua. Nazi ina majina kwa umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Kuna na joya, ambalo ndani lina kitu kama sifongo na halifai.

"Itikise karibu na sikio," akasema. "Dafu halisemi, limejaa. Nazi inasema."

Nikaitikisa. Ikasema.

Akaipasua kwa kisu kizito, mapigo matatu, akaizungusha baina ya kila pigo, maji yakaingia bakulini bila kumwagika hata tone. Akakuna, na alipofika karibu na ganda akaacha, kwa sababu ile ngozi ya kahawia hulitia tui rangi na uchungu. Kisha akatia nazi iliyokunwa ndani ya kifumbu, akanyunyiza maji ya vuguvugu, kiasi cha kiganja tu, akakisokota. Likatoka tui jeupe, zito, linashika vidole.

"Hili ndilo kasimile. Liweke mbali. Usilitie mapema."

Maji ya pili likatoka tui jepesi, maji ya tatu jepesi zaidi, na chicha zikaenda kwa kuku. Samaki waliiva kwa tui jepesi. Mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa, ndipo kasimile likaingia, na mwiko ukaanza kuzunguka upande mmoja bila kusimama. Ukisimama, tui linakatika: mafuta yanakaa huku, maji kule. Usiku nilitafuta sababu na nikaipata. Ndani ya tui mna protini zinazoyashikanisha mafuta na maji, na moto mkali huzivuruga. Nilipomweleza mama, akasema, "Eeh, ndiyo maana." Alifurahi kusikia kwamba kile alichoachiwa na mamake kina sababu.

Nikaandika maneno 1,150 kwa usiku mbili. Kabla ya kuyapeleka nilimsomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, akanisahihisha mahali pawili. Kwa makala yale sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Yalikuwa kazi yangu bora.

Hapa lazima nieleze jinsi soko linavyouza, kwa kuwa msiba wote ulitoka hapo. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni leseni ya matumizi: mnunuzi anaweka makala kwenye tovuti yake, lakini yanabaki mali yako, unaweza kumuuzia na mwingine. Ya pili ni leseni ya pekee: anayatumia yeye tu, huyauzi tena kwa mtu, ila yanabaki na jina lako kama ulivyoyaandika. Ya tatu ni haki kamili. Hapo yanakuwa yake moja kwa moja. Anaweza kuyapindua, kuyakata, kuyawekea jina lake mwenyewe, na wewe huna ruhusa ya kuyatoa tena mahali popote. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataka haki ikihamishwa ihamishwe kwa maandishi. Kule sokoni maandishi hayo ni kitufe chini ya masharti marefu. Mnunuzi alitaka haki kamili. Nikabonyeza.

Yalinunuliwa siku ya tatu. Dola 90, nikabaki na dola 58 na senti 50. Tangu 2018 kuna huduma ya kutoa pesa ya PayPal ikaingia moja kwa moja M-Pesa, na baada ya makato ya kubadilisha fedha simu yangu ililia na shilingi elfu saba kasoro kidogo. Ilikuwa wiki mbili kabla ya Ramadhani. Mfereji wa mtaa wetu hutoa maji siku moja, ukakauka siku nane, na mwezi wa mfungo watu saba hawawezi kuishi kwa mitungi ya lita 20 ya mkokoteni. Nikaongezea akiba yangu ya mahamri, nikanunua tangi.

Lilikuja kwa tuk-tuk, limefungwa kamba, watoto wa mtaa wanalikimbilia kwa nyuma. Baba watoto alisaidiana na fundi kulipandisha. Liliposimama sawasawa, alishuka ngazi, akafuta mikono, akaniuliza, "Hili limetoka kwenye yale maandishi?"

Nikasema, "Limetoka kwenye maandishi."

Akanyamaza. Jioni ile nilikwenda msibani Bakarani, nikarudi usiku. Sikujua kwamba nilipotoka aliketi kwenye kompyuta yangu, akayatafuta makala, akayanakili yote, akayatuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo akiandika: "Haya ni maandishi ya mama watoto. Wamarekani wamelipa." Mimi simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Nilipoiwasha asubuhi nilikuta pongezi zimejaa, kila shangazi katuma sauti, na kwa haraka nilidhani ni pongezi za tangi. Nikajibu asanteni.

Wifi yangu ameolewa Maskati, na kule Waswahili ni wengi. Ana ukurasa wake wa mapishi kwenye mtandao, unaosomwa na wenzake wa Oman na wa Unguja. Alipoyaona makala alilia kwa furaha. Mama yake, mbuzi wa kwao, kifumbu cha kwao, vimeandikwa vizuri kiasi kile! Akayaweka kwenye ukurasa wake neno kwa neno, akatia picha ya mikono ya mama aliyoipiga Idi iliyopita, na juu akaandika: "Tui la mama yetu, wa Takaungu."

Usiku wa sita nikafungua barua. Mhariri aliandika mistari minne. Makala niliyouza kwa haki kamili yamekutwa mahali pengine. Mnunuzi alikuwa akisubiri picha kabla ya kuyachapisha, na alipoyapitisha kwenye Copyscape, chombo cha kukagua maandishi yaliyonakiliwa ambacho kimekuwapo tangu 2004, yakaonekana yamekwisha kutoka. Chini palikuwa na kiungo. Nikakibonyeza. Ikafunguka mikono ya mama mkwe.

Mgeni wa kazi hii anaweza kuona hasira ya mnunuzi imezidi. Haikuzidi. Mwaka 2011 Google ilibadilisha namna ya kupanga matokeo ya utafutaji, badiliko lililoitwa Panda, na tovuti nyingi zilizojaa maandishi hafifu na ya kunakili ziliporomoka. Tangu hapo mwenye tovuti anaogopa nakala kama mwenye duka anavyoogopa panya. Huyu wangu angechapisha baada ya wifi, basi yeye aliyelipa dola 90 ndiye angeonekana mwizi. Mauzo yakafutwa, akarudishiwa pesa yake, hesabu yangu ikaandikwa dola 58 na senti 50 chini ya sifuri, na akaunti ikafungwa siku 30.

Nikampigia wifi palepale. Maskati wako mbele yetu kwa saa moja, alikuwa ameamka kusali.

"Wifi, ondoa yale makala, tafadhali. Sasa hivi."

"Kwa nini? Nimekosea nini?"

"Yameuzwa. Si yangu tena."

Kimya. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwani tui la mama ni la nani?"

Aliyaondoa usiku uleule, lakini wenzake wawili walikuwa wamekwisha kuyachukua, na hata nao walipofuta, Google iliendelea kuyaonyesha kwa siku nyingi.

Asubuhi ikawa ya maneno. Baba watoto alipojua alichofanya alikaa kwenye ngazi ya tangi, kichwa mikononi. Nami nilikuwa na hasira, nikamwambia yale ambayo mtu huyasema akiwa hajalala: kwamba miaka miwili kazi yangu aliiita kuandikaandika, na siku ya kwanza aliyoiheshimu ndiyo siku aliyoiharibu. Hakunijibu. Wifi naye akatuma sauti ndefu, akisema amefukuzwa kwenye jiko la mamake na mtu wa kuja. Neno la mtu wa kuja liliniuma. Nimezaa watoto wanne katika nyumba hii.

Mama mkwe alisikiliza yote. Alipoona tumechoka, akaniita jikoni, akaniketisha kwenye kigoda.

"Mwanangu, nilikwambia mambo yangu, ukayauza. Sawa, ni riziki, nimefurahi. Lakini uliyauza hata mimi nisiweze kumwambia binti yangu?"

Nikamjibu kwamba sivyo. Ujuzi wake hauuziki. Sheria haimpi mtu miliki ya namna ya kukamua tui, na yeye anaweza kumfundisha amtakaye mpaka kiama. Kilichouzwa ni maneno niliyoyapanga mimi, kwa mpangilio ule. Wifi angeandika yake kwa maneno yake, hakuna ambaye angemgusa. Nilijieleza, lakini nikaona hayamwingii, na kosa halikuwa lake. Yalikuwa maneno makavu.

Nikatafuta njia nyingine. Hapa Pwani kila mtu anajua kwamba mnazi na ardhi ni mali mbili. Mtu anaweza kumiliki minazi iliyosimama juu ya ardhi ya mwingine, na watu wamekuwa wakiweka rehani minazi yao bila kuuza udongo. Nikamwambia: "Mama, leseni ya matumizi ni kuuza nazi. Mtu anakula, na kesho unaangua nyingine unamuuzia mwingine. Ya pekee ni kukodisha mnazi, anaangua yeye tu, lakini mnazi ni wako."

Akanikatiza. "Na hiyo uliyouza wewe ni shamba."

"Ndiyo, mama. Shamba na minazi yake."

Akatazama nje, kwenye tangi. Kisha akanisimulia jambo ambalo hata baba watoto hakuwahi kulisikia. Babake alikuwa na shamba Takaungu. Mama akiwa msichana, hajaolewa, mzee aliliuza kwa sababu ya deni, na hakumwambia mtu nyumbani. Asubuhi yake yeye na dada zake wakachukua vikapu vyao kama kawaida, wakaenda kuokota nazi zilizodondoka usiku. Mtu wasiyemjua akawatokea na panga, akawafukuza, akawaita wezi. Walirudi wanalia. Babao alikuwa barazani, akasikia, akainamisha macho.

"Hakukosea kuuza," mama akasema. "Alikuwa na deni. Alikosea kutoambia watu wake."

Sikuwa na jibu, maana alikuwa amenisema mimi. Nilikuwa nimemwambia mama tunauza. Sikumwambia tunauza nini. Baba watoto sikumwambia chochote, nilimwonyesha tangi. Nilizoea kufanya kazi yangu usiku, peke yangu, kama siri, halafu nikashangaa kwamba watu wa nyumbani hawakujua mipaka yake. Yeye alituma maandishi ya mkewe kwa ndugu zake. Wifi aliweka tui la mamake kwenye ukurasa wake. Wote wawili walikwenda kuokota nazi kwenye shamba walilolijua kuwa la kwao.

Jioni ile nilimwomba baba watoto radhi kwa maneno yangu, naye akaniomba kwa la kwake. Wifi nilimpigia kwa video, mama akashika simu, akamsimulia habari ya vikapu. Wifi akalia, akaliondoa neno la mtu wa kuja, na akaniuliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika kazi hii: "Wifi, sasa yale makala yamekuwa ya nani?" Mauzo yalipofutwa, yalinirudia. Yalikuwa yangu tena, ila kwa kuwa yalishaonekana hadharani hayakufaa kuuzwa kama kitu cha pekee. Yalibaki ya kuuza nazi tu.

Deni la dola 58 na senti 50 nililipa kuanzia Aprili, akaunti ilipofunguliwa, kwa makala matano yaliyotoka katika nyumba hii: kusafisha chungu kipya kabla ya kukipikia, kukausha papa, kupika mkate wa sinia, na mengine mawili. Ramadhani yote sikuwa na senti kutoka sokoni, lakini maji tulikuwa nayo. Mnunuzi wa tui nilimwandikia barua ya kumweleza ilivyokuwa. Hakurudi, na simlaumu.

Kando ya jokofu pana karatasi ya daftari la shule, imepigwa mistari mitatu kwenda chini: nazi, mnazi, shamba. Kila nikiuza kitu, nakiandika kichwa chake chini ya neno linalohusika kabla sijazima kompyuta, na asubuhi mkubwa wa wanangu huwasomea wote wakinywa chai. Kilicho kwenye mstari wa shamba hakitumwi kwa mtu, hata kwa shangazi. Na makala ambayo ujuzi wake umetoka kwa mama, theluthi ya kinachobaki mkononi mwangu ni yake. Hilo nililiamua mimi, mama alilikataa, baba watoto akamwambia apokee. Nawasihi wenzangu wanaoandika usiku kwenye meza za kulia chakula, na tuko wengi kuanzia Mombasa hadi Kisumu: waambieni watu wa nyumbani mnauza nini, siku hiyohiyo mnayouza, na aliyewapa maneno mgawieni chake.

Makala ya tui niliyarudisha sokoni mwezi wa Mei kwa leseni ya matumizi, dola 12. Yalinunuliwa mara mbili kabla ya mwaka kwisha, nikapata dola 15 na senti 60. Theluthi ya mama ilikuwa dola 5 na senti 20. Nilimpa kwa shilingi, akaifunga kwenye ncha ya leso, akaenda Kongowea akanunua kifumbu kipya cha ukindu. Alikituma Maskati kwa mkono wa msafiri, na kila Ijumaa anampigia wifi kwa video, amtazame anavyokamua.